Nilivyoikosea mvua ya Vivaldi

Mazoezi ya kwanza na okestra tulifika kipimo (kikundi cha mapigo) cha tano tu. Mwongozaji akashusha mikono, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole niiweke fidla mapajani, nikae, niwasikilize wenzangu wakipiga bila mimi. Nikakaa. Fidla za kwanza na za pili zikaanza kudonoa nyuzi kwa vidole kama matone ya mvua, viola (fidla kubwa kidogo) zikashika sauti ndefu, selo na besi, zile kubwa za sauti nzito, zikatembea chini yao. Mwendo waliouchukua ulikuwa karibu mara mbili ya wangu. Nilikuwa nimeushughulikia wimbo ule, wa mtunzi Mwitaliano Antonio Vivaldi, miezi miwili chumbani kwangu, kila usiku nikitoka kazini, na pale kitini nikagundua kwamba nilikuwa nimejifunza wimbo mwingine kabisa.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyelelewa kwenye taarabu, kwaya au bendi, kisha akapewa karatasi ya muziki wa Ulaya wa zama za Baroki (karne ya 17 na ya 18 hivi) akaambiwa ajitayarishe. Mimi nilijitayarisha kwa bidii kubwa, na sehemu kubwa ya bidii hiyo ilipotea bure.

Nimezaliwa Unguja. Fidla nilifundishwa na ami yangu, aliyeipiga kwenye kikundi cha taarabu tangu ujana wake. Ami hasomi noti. Alinifundisha kwa sikio: yeye anapiga, mimi narudia, nikikosea anagonga mguu chini, tunaanza upya. Fidla yetu tuliifunga kiarabu, nyuzi nne zikisema sol, re, sol, re kutoka chini kwenda juu. Kusoma noti nilijifunza baadaye, kidogo kidogo. Miaka mitatu iliyopita nikaja Hamburg, Ujerumani, kufanya kazi jikoni katika hospitali. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeniambia kuna okestra ndogo ya nyuzi ya watu wa kawaida, wanaokutana kila Alhamisi jioni kwenye ukumbi wa kanisa. Nikaenda na fidla ya ami. Walinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia, wakanikalisha kwenye fidla za pili.

Kabla ya hapo ilinibidi kuifunga fidla upya, sol, re, la, mi. Hapa nina neno la kwanza la kukwambia: usizivute nyuzi za zamani mpaka zifike. Uzi wa juu uliozoea kulegezwa hadi re, ukiuvuta ghafla hadi mi unaweza kukatika. Wangu ulikatika ukanichapa kidole. Seti mpya ilinigharimu yuro 52, na ningeinunua tangu mwanzo ningejiokoa wiki nzima ya plasta kidoleni.

Msimu wa pili, mwongozaji akatangaza kwamba mwezi wa Desemba tutapiga koncheto (wimbo wa mpigaji wa mbele na okestra nyuma yake) ya majira ya baridi ya Vivaldi, ile ya mwisho katika zile nne za majira ya mwaka. Zilichapishwa Amsterdam mwaka 1725, ndani ya mkusanyiko wa koncheto 12. Vivaldi alikuwa padri wa mji wa Venezia, Italia, na mpiga fidla hodari mno. Koncheto hii ina sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, ya haraka tena. Za haraka alipewa binti mmoja mwanafunzi wa muziki mwenye vidole vyepesi. Ya katikati, inayoitwa Largo, nikapewa mimi. Ni fupi, vipimo 18 tu vya mapigo manne manne. Ukiitazama karatasi utadhani ni kazi ya wiki moja.

Nilianza na neno lenyewe. Kamusi ya kwenye simu ilisema Largo ni polepole sana. Nikafungua metronomu ya simu, kile kinachogonga mapigo kwa mwendo unaoutaka, nikashuka, nikashuka, mpaka nikafika mapigo 26 kwa dakika. Kwa nini 26? Kwa sababu ndipo nilipohisi huzuni. Niliona huu ni muziki wa majira ya baridi, na baridi niliyoijua mimi ni ile ya kutoka kazini saa kumi jioni ukakuta giza linaingia, unapanda treni hakuna anayekusalimia. Basi nikaupiga wimbo kama kilio. Nilivuta upinde taratibu hadi ukaishiwa katikati ya sauti, nikawa nautia mtetemo wa kidole kila noti, nikifumba macho. Kwa mwendo ule vipimo 18 vilichukua dakika mbili na sekunde 46.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba lile neno halikuwa namba hata kidogo. Largo kwa Kiitaliano ni pana, chenye nafasi. Allegro ni mchangamfu. Andante ni mwenye kwenda, anayetembea. Ni maneno ya hali ya mtu, na mpigaji anatafuta mwendo utakaoizaa hali hiyo. Metronomu ilipewa hataza mwaka 1815, na Vivaldi alifariki mwaka 1741. Kwa hiyo ukikuta namba ya kasi juu ya karatasi ya Vivaldi, ujue ameiweka mchapishaji au mhariri wa baadaye. Unaweza kuiheshimu kama ushauri wa mtu mwenye ujuzi, lakini haikutoka kwa mtunzi. Karatasi yangu haikuwa na namba yoyote. Ile 26 ilikuwa ya kwangu mwenyewe, nami nikaitii miezi miwili kana kwamba nimeandikiwa.

Kosa langu la pili lilijificha zaidi. Nilipewa karatasi ya fidla ya mbele peke yake, na sikuomba nyingine. Sikujua wenzangu wana nini. Katika taarabu nisingethubutu kufanya hivyo. Ami asingeniruhusu nipige mstari wa fidla bila kujua dumbaki inasema nini na ganuni inajibu wapi. Lakini mbele ya karatasi nilijiona niko shuleni, nikadhani kila ninachokihitaji kimeshaandikwa pale.

Na hili la tatu linaniuma kidogo kulisema, kwa sababu lilitokana na kusoma, na mimi napenda kusoma. Nilikuwa natafuta kujua hali ya wimbo huu, nikasikia kwamba watu wa zama zile waliamini kila ufunguo, yaani ngazi ya noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, una tabia yake. Jambo hilo halikunishangaza hata kidogo. Sisi tuna maqamu, ngazi za muziki wa Kiarabu: Hijazi ina uchungu wake, Rast ina heshima yake, Nahawandi ina majonzi yake. Nikamkuta Johann Mattheson, mwanamuziki wa hapahapa Hamburg, aliyeandika mwaka 1713 orodha ya funguo na tabia zake. Kaburi lake liko chini ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli, kanisa ninalolipita kwa basi. Largo yangu iko katika mi bemoli meja (bemoli ni noti iliyoshushwa nusu sauti; meja na maina ni aina mbili za ngazi). Mattheson anasema ufunguo huo una majonzi mengi, hautaki kushughulika na lolote ila mambo mazito ya kulalamika. Nikasema: haya, nimepata ushahidi. Nikazidi kuushikilia mwendo wangu.

Nilichoshindwa kukizingatia ni kwamba Mattheson alikuwa Hamburg na Vivaldi alikuwa Venezia, na hakuna aliyemlazimisha padri wa Venezia kuifuata orodha ya Mjerumani. Tena Mattheson mwenyewe anakiri mle mle kwamba anamwachia kila mtu uhuru wa kuupa ufunguo tabia inayolingana na maumbile yake. Sentensi hiyo niliipita haraka. Nilikuwa natafuta wa kuniunga mkono, na nilipompata nikaacha kusoma.

Turudi ukumbini. Baada ya kuwasikiliza wenzangu, mwongozaji alinitaka nijaribu tena, safari hii wao wanifuate mimi kwa mwendo wangu. Alikuwa na nia njema. Tukaanza. Fidla za pili walikuwa wanadonoa noti nne katika kila pigo, na kwa mwendo wangu kila tone lilianguka, likafa, pakawa na kimya, ndipo likaja lingine. Haikuwa mvua tena. Ilikuwa kama bomba bovu linalovuja usiku. Niliwaona wenzangu wakiangalia vidole vyao, wakihesabu, mabega yamekakamaa. Juu yake mimi navuta upinde wangu, nalia. Mtu mmoja nyuma akapotea, wa pili akamfuata, tukasimama.

Wakati wa mapumziko bibi mmoja mpiga selo, rika la mama yangu mzazi, alinijia na kikombe cha chai. Hakunilaumu. Aliniambia, "Donoa uzi wa re, halafu usiguse kitu." Nikadonoa. "Sikiliza mpaka iishe." Ilikwisha upesi sana, sikutarajia. Nyuzi za fidla ni fupi, ukizidonoa haziimbi muda mrefu kama za udi. Akasema, "Sasa tone la pili lije lini ili watu wasikie mvua?" Nikadonoa la pili kabla la kwanza halijafa, la tatu, la nne. Bila metronomu, bila kamusi, mkono wangu wenyewe ukapata mwendo.

Usiku ule kwenye treni machozi yalinitoka. Sikulia kwa kuaibishwa, maana hakuna aliyeniaibisha. Nililia kwa zile saa: dakika 40 kila usiku, miezi miwili, na pesa. Nilikuwa nimechukua masomo manne kwa mwalimu wa kulipwa, yuro 35 kila somo, nikamwambia anisaidie upinde udumu kwa mwendo wangu wa 26, naye akanisaidia kweli. Hakuniuliza kwa nini 26, nami sikumweleza wenzangu watapiga nini. Ukienda kwa mwalimu, mpelekee karatasi ya okestra nzima. Ukienda na mstari wako peke yake, atakufundisha mstari wako peke yake.

Ijumaa nikampigia ami.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Baridi huko?"

Nikamweleza yote, nikamtumia sauti niliyojirekodi chumbani. Akaisikiliza, akanipigia yeye.

"Mbona unalia?"

"Ni muziki wa majira ya baridi, ami."

"Nani kakwambia baridi ni msiba? Una maneno yake?"

Ami ndivyo alivyo, ukimpa wimbo wowote atataka maneno kwanza. Nilitaka kumjibu kwamba huu ni muziki wa vyombo tu. Lakini maneno yapo. Vivaldi alizichapisha koncheto hizi nne kila moja na shairi lake, na mistari ya shairi imegawanywa juu ya noti, mahali panapohusika. Nilikuwa nimeuona ule mstari wa Kiitaliano kwenye karatasi, nikauchukulia kama pambo. Nikamwomba ami anisubiri, nikautafsiri nikiwa bado nimeshika simu: kupitisha kando ya moto siku tulivu za kuridhika, ilhali mvua nje inawalowesha watu mia.

"Rudia."

Nikarudia.

"Basi wewe uko ndani au uko nje?"

"Niko ndani, ami. Kando ya moto."

"Anayelowa ni nani?"

"Wengine."

"Sasa mbona unapiga kama unayelowa?"

Sikuwa na jibu. Baada ya kukata simu nilikaa kitandani kwa muda. Ilikuwa Novemba, mvua ya Hamburg inapiga dirisha, ile nyembamba isiyokoma, na hita ya chumbani inatoa joto. Nilikuwa nimevaa soksi nene alizonipa jirani, wali wa nazi uko jikoni unapoa. Nilikuwa ndani. Kwa miezi miwili yote nilikuwa nimekaa ndani hasa ya kile kinachosemwa na shairi, nikipiga kinyume chake, kwa sababu upweke wangu niliupakia juu ya wimbo wa mtu mwingine bila kuuliza kama unautaka.

Tangu hapo nilianza upya. Nitaeleza nilivyofanya, labda kutakufaa.

Kwanza niliiacha sauti yangu kabisa kwa wiki mbili. Niliomba karatasi ya okestra nzima, nikajifunza kudonoa sehemu ya fidla za pili, noti nne kwa kila pigo, mpaka nikaweza kuipiga yote. Nikairekodi kwa simu mara tatu kwa mwendo tofauti: 36, 42 na 50. Kisha nikapiga wimbo wangu juu ya kila moja. Kwa 50 mvua ilikuwa nzuri lakini mimi nilikuwa nakimbizwa, sina pa kupumua. Kwa 36 niliimba vizuri, ila matone yakaanza kuachana. Kwa 42 vyote viwili vilikaa. Bado nilisubiri kusikia mwongozaji atachukua upi, na alichukua wa karibu na huo. Chumbani usiamue mwendo wa mwisho. Jizoeze kuuweza ule wa chini yake na ule wa juu yake, maana ukumbi nao una neno lake.

Kuna Mjerumani mwingine, Johann Joachim Quantz, mpiga filimbi aliyemfundisha mfalme Friedrich wa Prussia, aliyeandika mwaka 1752 jinsi ya kupata mwendo kwa mapigo ya mshipa wa mkono. Alikadiria mtu mwenye afya ana mapigo karibu 80 kwa dakika, na katika wimbo wa polepole wenye kuimba, wa mapigo manne, kila pigo la mshipa ni nusu ya pigo la muziki. Hesabu hiyo inatoa 40. Nilifurahi nilipoiona, ila safari hii sikuigeuza kuwa sheria. Quantz aliandika baada ya Vivaldi kufa, tena mbali na Venezia. Niliichukua kama salamu tu kutoka kwa mtu aliyewahi kulitafuta jambo lilelile. Na tahadhari moja: usijipime mshipa ukiwa na wasiwasi. Siku ya onyesho wangu ulikuwa 96.

Kuhusu ufunguo, nilijifunza zaidi kwenye fidla yenyewe kuliko kwenye orodha yoyote. Ngazi ya mi bemoli meja ina la bemoli na mi bemoli, kwa hiyo nyuzi mbili za juu, la na mi, huwezi kuzipiga zikiwa wazi. Uzi wazi wa fidla una mng'ao mkali. Katika re meja au la meja nyuzi hizo hulia zenyewe hata usipozigusa, fidla nzima inang'aa. Katika mi bemoli mng'ao huo unaondoka. Kwenye nyuzi hizo kila sauti inashikwa na kidole, inatoka laini, kama taa iliyofunikwa kitambaa. Chumba chenye moto na mvua nje kinataka sauti kama hiyo. Nilikuwa nimeusikia ulaini huo tangu mwanzo nikauita huzuni.

Halafu upige wimbo mahali pake, baada ya sehemu inayoutangulia. Sehemu ya kwanza ya koncheto iko katika fa maina: kutetemeka kwenye theluji, kukimbia huku unakanyagakanyaga miguu, meno yakigongana, shairi linasema hivyo. Inaisha kwa ukali. Ndipo Largo inaingia. Ndugu wa karibu kabisa wa fa maina ni la bemoli meja, wanatumia bemoli zilezile, lakini Vivaldi hakwenda huko. Alikwenda mi bemoli meja, na sikioni ni kama mtu amefungua mlango akaingia ndani na kuufunga nyuma yake. Nilipokuwa nafanya mazoezi ya Largo peke yake sikuweza kuusikia mlango huo. Nilipoanza kusikiliza dakika ya mwisho ya sehemu ya kwanza, kisha nikanyanyua upinde, hali ya wimbo ilikuja yenyewe, sikuhitaji kufumba macho.

Kulikuwa na shida ya kidole ambayo nadhani itamkuta yeyote anayetoka kwenye taarabu. Mi bemoli yangu ilikuwa juu. Haikuwa juu sana, ila binti yule wa sehemu ya kwanza alikuwa akikunja uso kila nikiifikia. Mimi nilikuwa naisikia sawa kabisa. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa: kidole changu kilikuwa kinakwenda kwenye mi ya Rast, ile iliyo katikati ya mi na mi bemoli, mahali nilipokizoesha tangu nina miaka 9. Sikio langu halikuwa bovu, lilikuwa nyumbani. Dawa ilikuwa kupiga mi bemoli pamoja na uzi wazi wa sol, taratibu, kushusha kidole mpaka sauti mbili zitulie zisigombane, kisha kupanda hadi si bemoli na kurudi. Dakika tano kila siku kabla ya kitu kingine chochote. Wala sikuiacha mi ya Rast. Jumapili naifunga fidla ya pili, ya kukodi kwa yuro 18 kwa mwezi, kiarabu, nampigia ami kwenye simu. Kuwa na fidla mbili kulinisaidia kuliko somo lolote, maana mkono ukishika ile unajua uko wapi.

Na kama uko Ujerumani, jihadhari na majina ya noti. Hapa noti ya si wanaiita H, na B kwao ni si bemoli, siyo si kamili. Mi bemoli ni Es. Mazoezi mawili mazima nilipiga noti ya si pale mwongozaji aliposema B, nikidhani wengine ndio wanaokosea. Andika majina hayo kwa penseli juu ya karatasi yako siku ya kwanza, usione haya.

Jambo moja zaidi kuhusu chumba. Kwenye jengo letu kelele mwisho saa nne usiku, kwa hiyo nilikuwa nabana kipande cha mpira juu ya daraja la fidla ili sauti ipungue. Kinasaidia majirani, lakini kinakudanganya. Kinafanya kila ufunguo usikike umefunikwa, na upinde unauzoesha kubonyeza zaidi. Nilipokitoa ukumbini nilijisikia nikikwaruza. Sasa nakitumia kwa vidole tu, na upinde naufanyia mazoezi Jumamosi mchana, fidla ikiwa wazi.

Onyesho lilikuwa katikati ya Desemba. Kanisa lilikuwa la baridi, nikashika chupa ya maji ya moto mfukoni mpaka zamu yangu. Binti alimaliza sehemu ya kwanza kama mtu anayekimbia barafuni. Palikuwa na kimya kidogo, mtu akakohoa. Mwongozaji hakunitazama mimi, aliwatazama wa kudonoa, akawapa mkono, na matone yakaanza. Nilikuwa nimejiambia nisianze mpaka nimeyasikia kweli. Nikayasikia. Bibi wa selo alikuwa upande wangu wa kulia, namwona kwa pembe ya jicho vidole vyake vikitembea. Kwenye kipimo cha 12 mi bemoli yangu ilipanda tena, kidole kilikwenda nyumbani. Nikakirudisha. Kwenye mtetemo wa mwisho upinde ulitaka kutikisika, nikakumbuka kutoa pumzi. Kisha ikaisha, na okestra ikaingia barafuni tena kwa sehemu ya tatu, ile ambayo mwisho wa shairi lake unasema: huu ndio msimu wa baridi, lakini ni wa namna ya kuleta furaha.

Rekodi ilionyesha dakika moja na sekunde 44. Nilimtumia ami usiku uleule. Asubuhi nikakuta ujumbe wake wa sauti, nyuma yake jogoo wa jirani anawika. Hakusema neno kuhusu fidla yangu. Aliuliza wale wanaodonoa ni wangapi, na kama wanalipwa, maana wanadonoa vizuri sana.

Mwaka huu bibi wa selo amenipa kazi nyingine: sehemu ya polepole ya koncheto ya fidla mbili ya Bach, ile ya re maina. Sehemu hiyo iko katika fa meja, mapigo 12 mafupi kwa kila kipimo, na juu yake imeandikwa Largo ma non tanto, Largo lakini si sana. Fidla ya mbele bado sijaigusa. Nimeazima selo ya ukumbini kwa mwezi mmoja, na kila Jumamosi mchana nadonoa mstari wa besi, taratibu, nikisikiliza kila noti inakufa baada ya muda gani.